Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Mfukoni

Jua likianza kupoa, Mama Ngina hujaa watu. Wengine huja kupunga upepo, kula mihogo na kunywa madafu. Wengine hutembea kwa kasi kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara kwa sababu daktari amewaambia wapunguze uzito. Miongoni mwao wapo waliojitahidi kwa miaka, wakapunguza wanga na kuacha soda, na bado mizani haishuki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 kati ya kila 100 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake, walikaribia 39 kati ya 100.

Baadhi yao hushauriwa kufanyiwa upasuaji, kisha huambiwa kuwa bima hailipi. Hapo ndipo familia huanza kufikiria kuuza ploti, kuweka dhahabu rehani au kuchukua mkopo. Kabla hujafika huko, soma maelezo haya.

Ni upasuaji gani, na unamfaa nani?

Huu si urembo, wala si kufyonzwa mafuta kiunoni. Kuna aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, likabaki jembamba kama mrija. Katika ya pili, yaani baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na wengi wenye kisukari hupata nafuu kubwa.

Madaktari hutumia kipimo cha uzito kwa urefu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 112 mwenye urefu wa mita 1.63 hupata kama 42. Miongozo ya kimataifa iliyorekebishwa mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa wenye 35 na zaidi, na ufikiriwe kwa wenye 30 hadi 35 ambao wana ugonjwa kama kisukari. Ukiwa chini ya hapo na mtu anakuhimiza ulipe haraka, muulize kwa nini.

Pata jibu la bima kwa maandishi

Usitegemee neno la jirani wala la karani wa dirishani. Upasuaji wa kupangwa huombewa idhini mapema, na hospitali ndiyo hutuma ombi hilo kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Omba daktari aandike magonjwa yanayotokana na uzito wako: presha, kisukari, kukatika pumzi usingizini au magoti yaliyoharibika. Ombi linalosema tu “kupunguza uzito” ni rahisi kukataliwa kama urembo.

Ikiwa una bima ya kampuni binafsi, soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Bima nyingi hutaja matibabu ya unene hapo. Ukikataliwa, omba sababu kwa barua. Ukiona umeonewa, unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Hata upasuaji wenyewe usipolipiwa, usiache michango yako. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharimiwa na hazina yake maalumu kwa kila aliyesajiliwa SHA. Endelea kutibiwa presha na kisukari kwa njia hiyo ili akiba yako isiishie kwenye dawa na vipimo vya kawaida. Ikiwa hujajisajili, piga *147#.

Bei unayotajiwa si gharama yote

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mtu huambiwa bei ya upasuaji, hukusanya fedha hizo hadi shilingi ya mwisho, kisha hukuta kwamba ilikuwa ni nusu ya safari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa faida, hatari na gharama za kila njia ya matibabu, kwa lugha unayoielewa. Itumie haki hiyo. Omba makadirio ya maandishi yanayojibu maswali haya:

• Je, bei ina malipo ya daktari mpasuaji, daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji na kitanda? Ni kwa siku ngapi?
• Je, vipimo vya kabla ya upasuaji vimo ndani? Hivyo ni pamoja na damu, moyo na kuangaliwa tumbo kwa kamera.
• Nikipata tatizo nikarudishwa chumba cha upasuaji au cha wagonjwa mahututi, nani atalipa?
• Ziara za kuonana na daktari na mtaalamu wa lishe ni ngapi, na baada ya hapo kila moja ni kiasi gani?

Kisha ongeza mambo ambayo hospitali haitakuandikia. Wiki kadhaa hutakwenda kazini. Kwa anayeuza samaki au kushona nguo, hizo ni wiki zisizo na kipato. Ikiwa daktari yuko Nairobi, hesabu nauli na malazi yako na ya mtu wa kukusindikiza, si mara moja tu. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D huendelea maisha yote, pamoja na vipimo vya damu kila mwaka. Asiyeweza kuvimudu hivi baada ya upasuaji anaweza kupungukiwa damu au kudhoofika mifupa na neva.

Fedha zitoke wapi?

Akiba ndiyo njia salama zaidi. Ugonjwa huu haukujengeka kwa wiki moja, na mara nyingi kuna muda wa kujipanga huku ukitibiwa. Fungua akaunti ya peke yake, au kubalianeni kwenye chama kwamba zamu yako itakwenda huko.

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama. Ukikopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio, ukalipa kwa miezi 36, utatoa takriban shilingi 16,600 kila mwezi. Jumla itakaribia shilingi 598,000. Kumbuka kwamba wadhamini wako ndio watakatwa ukishindwa kulipa. Asiyetaka riba aulize benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, na aonyeshwe faida ya benki kwa shilingi kabla ya kutia sahihi.

Mikopo ya simu haifai kwa jambo hili. Hulipwa kwa muda mfupi, na wewe utakuwa bado kitandani. Nyumba ya urithi nayo usiiweke rehani bila wenzako wote wenye haki kukaa na kukubaliana.

Ukiitisha mchango, mwambie mtu alipe hospitalini moja kwa moja na kupewa risiti. Huwatoa wasiwasi wanaochanga.

Tahadhari na bei ya chini mno

Hakikisha daktari na hospitali wana leseni ya mwaka huu kwa kuangalia orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, kwenye tovuti yake. Muulize daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi. Anayetaka amana kupitia namba ya simu ya mtu binafsi, mwache.

Wanaofikiria kwenda India au nchi nyingine wajiulize: nikirudi Mombasa na mshono ukivuja, nani atanipokea akiwa na maelezo yangu? Rudi na ripoti kamili ya upasuaji. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au kutapika kusikokoma ni dharura. Nenda hospitali iliyo karibu mara moja. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Wanawake wanaotarajia kupata mtoto wazungumze na daktari mapema, kwani hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji.

Anzia wapi?

Anzia kwenye kliniki unayohudhuria sasa, iwe zahanati ya mtaa au Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile wengi tunayoiita Makadara. Pima uzito, urefu, presha na sukari, na uombe kuonana na mtaalamu wa lishe. Hatua hizi hazihitaji laki, na kila daktari mpasuaji makini atakuuliza majibu yake. Ukishayapata pamoja na makadirio ya maandishi, kaa na familia yako mpige hesabu ya miaka mitano, si ya siku ya upasuaji peke yake. Hesabu ikikubali, endelea. Ikikataa, hujachelewa: endelea na matibabu, endelea kuweka akiba, na jioni tukutane Mama Ngina.