Chungwa, Ndizi na Maoni ya Umma: Funzo la Kura ya Maoni ya 2005

Wahenga walinena kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Siasa ya kidemokrasia nayo huinjikwa juu ya mafiga matatu: maoni ya umma, vyama vya siasa na vyombo vya habari. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mafiga hayo yanavyotegemeana, kwa kurejelea kura ya maoni iliyofanyika nchini Kenya tarehe 21 Novemba 2005.

Tuanze na istilahi yenyewe. Maoni ya umma si jumla ya mawazo ya watu binafsi tu. Kila mtu ana wazo lake kuhusu ardhi au mamlaka ya rais, lakini wazo hilo hupata nguvu ya kisiasa pale linapokutana na mawazo ya wengine, likapewa jina na likawafikia watawala. Aghalabu vyama ndivyo hulipa jina, navyo vyombo vya habari hulieneza.

Muungano wa NARC uliingia madarakani mwishoni mwa 2002 ukiwa umeahidi katiba mpya. Rasimu iliyopitishwa na wajumbe katika ukumbi wa Bomas mnamo Machi 2004 ilifanyiwa mabadiliko, hasa kuhusu mamlaka ya rais na waziri mkuu. Rasimu iliyochapishwa na Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, Agosti 2005 ndiyo iliyopelekwa kwa wananchi. Ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura, Tume ya Uchaguzi ilitoa alama mbili: ndizi kwa waliounga mkono na chungwa kwa waliopinga.

Hivyo basi, waraka mrefu wa kisheria uligeuka matunda mawili. Mawaziri wa serikali moja waligawanyika, baadhi yao wakasimama upande wa chungwa pamoja na chama cha KANU. Redio na magazeti yakaripoti mashindano ya kambi mbili. Swali la “kifungu hiki kinasema nini?” likafunikwa na swali la “wewe ni wa tunda gani?”

Matokeo yalidhihirisha nguvu ya umma: takriban asilimia 58 ya wapiga kura waliikataa rasimu, serikali ikayakubali matokeo, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akalivunja Baraza la Mawaziri. La kushangaza zaidi ni kwamba chungwa halikuozea debeni. Alama ya tume ilizaa vuguvugu, na vuguvugu likazaa chama cha ODM. Kumbe si vyama tu vinavyounda maoni. Maoni nayo huunda vyama.

Hata hivyo, kambi zilizojengwa juu ya alama huweza kuwa hatari. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata, ripoti ya Tume ya Waki ya 2008 ilitaja uchochezi katika baadhi ya redio za lugha za kiasili. Chombo kinachoeneza maoni ndicho hicho kinachoweza kueneza chuki.

Juni 2024 tulishuhudia mkondo tofauti. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha hawakuongozwa na chama. Walifafanua vifungu vyake katika mitandao ya kijamii, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais Ruto alikataa kuutia sahihi. Umma ulikuwa umerejea kutoka kwenye tunda hadi kwenye kifungu.

Hapa ndipo ulipo wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitambua lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Tusipofasiri sheria na sera kwa Kiswahili kinachoeleweka, wanasiasa watazifasiri kwa alama na nyimbo. Mpiga kura atabaki na ganda mkononi, asijue kamwe ladha ya tunda alilolichagua.