"Kisha" ya Mkutanoni na Mshale wa Kompyuta: Lugha ya Kusubiriana katika Ratiba za Miradi, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Programu za kuratibu miradi huzitaka kazi zihusishwe kwa masharti, ilhali Kiswahili cha mikutano mara nyingi hueleza kazi kwa mfuatano tu. Makala hii inachunguza pengo hilo kwa mfano wa ujenzi wa darasa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kuonyesha kwamba sarufi ya kitenzi cha Kiswahili ina nyenzo za kulijaza kabla ya ratiba kuingizwa kwenye kompyuta.

Utangulizi

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yanakaliwa pia na Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili, hasa kile cha mashariki mwa Kongo, ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Jiji kubwa la karibu ni Mbarara, ambako hununuliwa saruji, nondo na mabati.

Mradi wa ujenzi katika mazingira haya hupita katika lugha zaidi ya moja. Wazazi na mafundi hujadiliana kwa Kiswahili, taarifa kwa mfadhili huandikwa kwa Kiingereza, na ratiba hutengenezwa katika programu kama Microsoft Project, au ProjectLibre na GanttProject zinazopatikana bila malipo. Makosa ya tafsiri ya maneno huonekana upesi na kusahihishwa. Kosa la kutafsiri uhusiano baina ya kazi halionekani, kwa kuwa kompyuta hulipokea bila kulalamika na kulichora vizuri.

Mfuatano si sharti

Katika masimulizi, Kiswahili hupanga matukio kwa kiambishi -ka-: walichimba msingi, wakaleta saruji, wakamwaga zege. Katika mipango ya mbeleni, kazi hiyo hufanywa na "kisha", "halafu", au vitenzi vyenye kiishio -e vilivyopangwa mfululizo: tuchimbe, tulete, tumwage. Miundo hii yote husema jambo gani linatajwa baada ya lipi. Haisemi kwamba la pili haliwezi kuanza mpaka la kwanza likamilike. Msikilizaji wa kawaida halichanganyikiwi jambo hili. Anajua kwamba lori la saruji halihitaji kusubiri shimo.

Programu haijui. Mwandaaji akiorodhesha kazi kwa utaratibu wa kumbukumbu za mkutano, akazichagua zote na kuziunganisha kwa amri moja, kila kazi hufungwa kwenye mwisho wa ile iliyo juu yake. Huo ndio uhusiano ambao programu huuchukulia kuwa wa kawaida asipotaja mwingine. "Kisha" ya mkutanoni imegeuka kuwa mshale, na mshale ni sharti.

Ukubwa wa hasara waweza kuhesabiwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme kumbukumbu zinasema: tutachimba msingi (siku 4), kisha tutaleta saruji na nondo kutoka Mbarara (siku 6), tumwage zege (siku 1), tulimwagilie maji na kusubiri likomae (siku 7), tujenge kuta (siku 10), halafu tulete mbao na mabati (siku 8), tuezeke (siku 5), tupige lipu (siku 6). Zikifungwa zote kwa mnyororo mmoja, ratiba huchukua siku 47. Lakini saruji yaweza kuagizwa siku msingi unapoanza kuchimbwa, na mabati yaweza kutafutwa wakati kuta zinapanda. Njia ndefu kuliko zote huwa basi ni saruji, zege, kusubiri, kuta, kuezeka na lipu: siku 35. Kazi ikianza tarehe 1 Agosti, na kila siku ikihesabiwa kuwa ya kazi, ratiba ya pili humaliza kuezeka tarehe 29 Agosti, na ile ya kwanza tarehe 10 Septemba. Katika eneo hilo mvua za pili za mwaka huanza kwa kawaida mwezi huohuo wa Septemba, na tofauti ya siku 12 ni tofauti kati ya kuta zilizofunikwa na kuta zinazonyeshewa.

Njia hiyo ndefu ndiyo msingi wa mbinu iliyobuniwa mwaka 1957 katika ushirikiano wa kampuni za DuPont na Remington Rand nchini Marekani. Kazi iliyo juu yake ikichelewa siku moja, mradi wote huchelewa siku moja. Kazi iliyo nje yake ina akiba ya muda: uchimbaji katika mfano wetu una akiba ya siku 2, na ununuzi wa mabati una akiba ya siku 16. Jina "njia finyu" lingefaa kwa Kiswahili, kwa sababu ndani yake hamna nafasi ya kupishana.

Hata hivyo, si kila "kisha" ni ya masimulizi tu. Huenda aliyesema "halafu tulete mabati" anajua kwamba awamu ya pili ya fedha hutolewa baada ya kuta kukaguliwa. Hapo sharti ni la kweli, ila kinachosubiriwa ni fedha, na mabati ni matokeo yake. Ratiba iliyo sahihi huwa siku 43, na jambo la kujadiliwa na mfadhili hudhihirika: je, fedha za mabati zaweza kutangulizwa? Mwandaaji anayefuta kila "kisha" kwa haraka hukosea sawa na yule anayeifunga kila moja. Swali la kumuuliza msemaji ni fupi: hii ikiwa bado, ile itazuiwa na nini?

Mahusiano manne na kitenzi cha Kiswahili

Programu hutambua mahusiano manne, yanayoandikwa kwa herufi mbilimbili. S husimamia kuanza, F kumalizika. Herufi ya kwanza ni ya kazi inayosubiriwa, ya pili ni ya kazi inayosubiri.

FS, yaani ile imalizike ndipo hii ianze, ina umbo lake kamili katika -kisha-: kuta zikishajengwa, tutaezeka. "Ndipo" hukaza sharti zaidi, na katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo "njo" hubeba mkazo wa namna hiyo. Mwandaaji anayesikia "njo" mkutanoni asiipuuze akidhani ni lahaja tu; pengine hapo ndipo sharti la kweli lilipotajwa.

SS ndiyo yenye utata, kwa sababu ya -ki-. Sentensi "Kuta zikijengwa, mafundi wa mbao watatayarisha kenchi" yaweza kumaanisha wakati zinajengwa, au zikiwa zimeshajengwa. Maana ya kwanza ni SS, ya pili ni FS, na kati yake katika mfano wetu kuna siku 10. Utata huu hauna madhara katika mazungumzo, ambamo mtu huuliza tena. Katika kumbukumbu zitakazosomwa na mwandaaji aliyeko Mbarara, una madhara. Dawa ni kuongeza kitenzi kimoja: zikianza kujengwa, au zikishajengwa.

FF huelezwa vyema kwa "kabla" na kikanushi -ja-: upigaji wa lipu usimalizike kabla nyaya za umeme hazijamalizwa kutandazwa. Lipu yaweza kuanza mapema. Kinachozuiwa ni mwisho wake.

SF ni adimu, na miongozo mingi huipita kwa mstari mmoja, lakini kwa mtafiti wa lugha ina faida ya pekee. Mlinzi wa usiku anayelinda mabati haondoki hadi mlinzi wa mchana aanze zamu. Kinachosubiriwa ni kuanza kwa zamu ya mchana. Kinachosubiri ni mwisho wa zamu ya usiku. Hivyo zamu ya mchana, inayokuja baadaye, huingizwa katika safu ambayo Kiingereza huiita ya kazi zilizotangulia.

Istilahi: kutangulia, kutegemea au kusubiri?

Mfano wa walinzi unaonyesha kwamba "kitangulizi" ni istilahi yenye kupotosha: kitangulizi chaweza kuja nyuma. "Utegemezi" una tatizo la aina nyingine. Katika makazi ya wakimbizi neno hilo lina historia yake. Hutajwa pamoja na mgao wa chakula na fedha, na sera ya Uganda kwa miaka mingi imehimiza kinyume chake, kujitegemea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Fundi wa Nakivale anayeambiwa kwamba kazi yake "ni tegemezi" hasikii hesabu ya siku, anasikia hukumu. "Kazi inayosubiriwa" na "kazi inayosubiri" ni maelezo marefu kidogo, lakini yanalingana na mantiki ya programu katika hali zote nne, na hayamdhalilishi mtu.

Kusubiri kwenyewe pia huhesabiwa. Zile siku 7 za zege hazihitaji kazi ya uashi. Huandikwa kama ucheleweshaji kwenye mshale, FS+7, pembeni mwa namba ya kazi inayosubiriwa. Lakini kalenda ya kawaida ya Microsoft Project ina siku 5 za kazi kwa wiki, hivyo 7 hiyo huruka Jumamosi na Jumapili na kuwa siku 9 au zaidi. Zege hukomaa Jumapili pia. Programu hiyo hukubali herufi e kabla ya d, 7ed, kuonyesha siku mfululizo za saa 24. Kumbukumbu za Kiswahili zaweza kutofautisha mapema kwa kuandika "siku 7 za kazi" au "siku 7 mfululizo", na mtu wa kumwagilia maji Jumapili apangiwe zamu yake katika mstari wake mwenyewe.