Mcheza kwao hutuzwa, lakini CHAN imetuachia deni

Kama ulitazama mechi ya Kenya na Madagascar Ijumaa ile ya Agosti 22, hebu nikuulize: adhana ya Magharibi ilikukuta wapi?

Sisi wa Funzi tulikuwa tumebanana mbele ya televisheni moja, wengine wameketi mkekani, wengine wanachungulia dirishani. Alphonce Omija alikuwa ametufungia dakika ya 48 na kelele zetu nadhani zilifika mpaka Bodo ng'ambo. Adhana ikalia, nusu ya watu wakaondoka kwenda msikitini wakituacha tunaongoza 1-0. Waliporudi wakauliza, "Ngapi sasa?" Hakuna aliyetaka kuwajibu. Madagascar walikuwa wamesawazisha kwa penalti.

Yaliyofuata unayajua. Dakika 120 zikaisha 1-1, tukaingia kwenye matuta, tukalazwa 4-3. Omija yuleyule aliyetupa bao akakosa mkwaju wake. Mike Kibwage naye akakosa. Tukirudi nyumbani gizani, mdogo wangu wa miaka 16 akaniuliza: "Kaka, Omija leo atalala kweli?"

Swali hilo limenikaa kichwani. Miaka yote tumekuwa tukitazama mpira wa Uingereza, tukigombana mpaka kununiana kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, na sijawahi kumsikia akiulizia usingizi wa mchezaji. Kumbe Omija alikuwa mtu wetu.

Na hapo ndipo CHAN inapotofautiana na mashindano mengine. Ni ya wachezaji wanaosakata ligi za nchi zao pekee. Ukienda kulipwa Ulaya, hii si yako tena. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na safari hii tuzo ilikuwa na tarakimu: kabla ya mechi ya kwanza Rais aliwaahidi wachezaji Sh1 milioni kila mmoja kwa kila ushindi.

Lakini usidhani karamu hii tuliipata kirahisi. Mwaka 1996 tulikuwa tuandae Kombe la Afrika, tukapokonywa, likaenda Afrika Kusini. Mwaka 2018 ilikuwa zamu yetu ya CHAN, viwanja havikuwa tayari, ikahamishiwa Morocco. Na sikiliza hili linalouma: mara zote mbili aliyepewa nafasi yetu ndiye aliyebeba kombe. Hata hii ya juzi, tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda, ilikuwa ichezwe Februari 2025 ikasukumwa hadi Agosti. Wengi wetu tulishakata tamaa mapema. Mimi mmojawao.

Ndiyo maana tulipopangwa na DR Congo, Morocco, Angola na Zambia, tulicheka tu. Congo walikuwa wameshalibeba kombe hili mara mbili, Morocco mara mbili. Sisi ndiyo kwanza tunashiriki.

Basi Agosti 3, Austin Odhiambo akawafunga Congo, 1-0. Tukasema ni bahati. Angola wakatutangulia, Odhiambo akasawazisha kwa penalti, kisha Marvin Nabwire akalishwa kadi nyekundu hata nusu saa haijatimia. Tukabaki kumi, tukatoka 1-1. Siku ya Morocco, Ryan Ogam akafunga, halafu Chrispine Erambo naye akatolewa kabla ya mapumziko. Kumi tena! Kipindi kizima cha pili sikukaa chini. Tukashinda 1-0. Zambia nao Ogam huyohuyo akawamaliza, tukaongoza kundi kwa pointi kumi.

Morocco ndio waliotwaa ubingwa Agosti 30 pale Kasarani, kwa kuwachapa Madagascar 3-2. Katika mashindano yote walifungwa mechi moja tu. Aliyewafunga ni Kenya, ikiwa na watu kumi. Mtu akikuambia hatuna vipaji, mkumbushe hilo taratibu.

Sasa nikwambie kilichonichoma zaidi ya yale matuta.

Mechi za Kenya zote zilichezwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Pwani yetu haikupata hata moja. Lakini hapo chini tu, ng'ambo ya Pemba ambako wengi wa watu wetu wana jamaa, Zanzibar ilikuwa na mechi za kundi katika uwanja wa Amaan. Sudan, nchi iliyo vitani ambayo vijana wake hawana pa kuchezea nyumbani, iliwatandika Nigeria 4-0 pale, kisha ikawatoa Algeria kwa penalti kwenye robo fainali. Yote hayo kisiwani. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa mpira mkubwa na bahari havipatani.

Mdogo wangu ni winga wa kushoto. Nisimsifu sana maana ni damu yangu, ila mashuka hapa Funzi wakimwona na mpira huacha kuparura nyavu wakatazama. Mwaka jana kulikuwa na majaribio ya vijana Ukunda. Tukaondoka alfajiri. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua ikakwama mchangani, tukashuka tukasukuma na viatu tumevibeba kichwani. Kutoka Bodo tukapanda boda hadi barabara kuu, kisha matatu. Tulipofika wenzetu walikuwa wanavua jezi. Kocha alituambia kwa upole kabisa kwamba orodha imeshafungwa.

Tangu siku ile dogo akawa anasema mpira basi, ataingia chomboni na mjomba. Uvuvi ni kazi ya heshima, ndio uliotusomesha. Ila kuna tofauti kati ya kuuchagua na kusukumiwa ndani yake kwa sababu maji yalikupwa.

Jumapili baada ya kutolewa na Madagascar, nilimkuta uwanjani na wenzake wakizozana nani awe Ogam. Si Haaland, si Mbappé. Ogam, aliyekuwa Tusker, hapahapa Kenya, na ambaye baadaye alisajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Watoto wameiona ngazi. Shida ni kwamba kwetu kidato cha kwanza cha ngazi hiyo kiko ng'ambo ya maji.

Mwaka 2027 Kombe la Afrika linakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Uwanja mpya wa Talanta, wa watu 60,000, uko hukohuko Nairobi. Sawa, na uwe mzuri. Lakini wewe unayesoma hapa, uwe Vanga, Gazi, Lunga Lunga au popote pale, usingoje 2027 ndipo ukumbuke mpira wa kwenu. Wikendi hii nenda uwanja ulio karibu nawe. Kama wewe ni kocha na unaandaa majaribio, uliza kwanza kuna vijana wa visiwani, na ratiba ya maji ikoje. Kama Bandari wanacheza Mbaraki na una nauli, nenda uwapigie kelele kama unavyowapigia wale wasiokujua.

Sisi tumeshapanga. Majaribio yajayo tukiyasikia, tutavuka siku moja kabla, maji yakiwa yamejaa, tulale kwa shangazi Ukunda. Mjomba amekubali kumsubiri. Kasema chombo hakikimbii.