Je, Wajua? Dhahabu ya Buzwagi iliisha, uwanja wa ndege ukabaki

Je, wajua kwamba Buzwagi, mgodi uliokuwa ukitoa dhahabu nje kidogo ya mji wa Kahama, sasa ni kongani ya viwanda? Dhahabu ya kwanza ilitoka mwaka 2009. Uchimbaji ulipokoma, mitambo iliendelea kuchenjua mawe yaliyorundikwa juu, nayo ikazimwa mwaka 2021. Miaka mitatu baadaye Serikali ikalitangaza eneo hilo kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi.

Mwekezaji anayekwenda pale hafuati mawe. Anafuata vitu ambavyo mgodi ulilazimika kujijengea ili uweze kufanya kazi: umeme wa gridi, barabara, karakana, nyumba za wafanyakazi, na uwanja wa ndege. Kwa maoni yangu huo uwanja ndio mali kubwa kuliko yote, maana mfanyabiashara wa Kahama anayetaka kupanda ndege Mwanza huanza kwanza na saa kadhaa za barabarani. Kampuni ya madini ya Barrick nayo ilifungua chuo pale pale mwaka 2024, cha kuwanoa mameneja na wasimamizi wa migodi yake.

Shimo lenyewe ni habari nyingine. Mgodi wa wazi ukifanya kazi, pampu huyatoa maji yanayojichuja kutoka kwenye mwamba. Pampu zikizimwa, maji hurudi na shimo hugeuka ziwa, mwaka baada ya mwaka. Bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya kuchenjua dhahabu, nalo haliondoki: hufunikwa udongo, hupandwa majani, na maji ya chini ya ardhi huendelea kupimwa. Hakuna mwenye akili atakayejenga kiwanda juu yake.

Kwamba mgodi ukifungwa kazi haiishi, Wajerumani wanalijua hilo kuliko sisi. Katika bonde la Ruhr mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa Desemba 2018, lakini pampu bado zinanguruma na hazitazimwa kamwe, kwa sababu ardhi ilishatitia na miji mingine ingegeuka mabwawa. Huko huko, katika mji wa Bochum, kampuni ya Opel ilifungua kiwanda cha magari mwaka 1962 juu ya maeneo ya migodi ya makaa iliyokufa. Mwaka 2014 kiwanda nacho kikafungwa! Ardhi ile ile ikasafishwa tena, na sasa ina ofisi, maabara na maghala ya vifurushi. Kwa hiyo hata kongani inaweza kufa, nayo ikahitaji kufufuliwa.

Na je, wajua maji ya bombani Kahama yanatoka wapi? Yanatoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. Yanasukumwa kupanda mlima, kisha yanasafiri kwa mabomba hadi Shinyanga na Kahama. Mradi huo ulizinduliwa mwaka 2009, mwaka ule ule Buzwagi ilipoanza kutoa dhahabu. Kiwanda chochote kikubwa kitakachokuja hapo kitakunywa kutoka ziwa hilo hilo, pamoja na mama lishe na mashine za kukoboa mpunga ambazo Kahama inazo tele.

Mgeni anayetajwa zaidi kuja Buzwagi ni kiwanda cha kusafisha nikeli itakayotoka Kabanga, wilayani Ngara. Leseni yake ilitolewa mwaka 2024, ila fedha za mradi wa namna hiyo hutafutwa kwa miaka, na mgodi wenyewe wa Kabanga unapaswa kutangulia. Kilicho karibu zaidi ni reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Bandari kavu ya Isaka haiko mbali na Kahama, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita njia hiyo usiku na mchana tangu zamani.