Nyundo Ikisema Zege ni Gumu

Ukiletewa ripoti inayosema zege la jengo la miaka 40 ni gumu kuliko lilivyokuwa likiwa jipya, usikimbilie kushangilia. Huenda nyundo imesema kweli, na bado jengo linaharibika.

Nyundo yenyewe ni ile iliyobuniwa na Mswisi Ernst Schmidt mwishoni mwa miaka ya 1940: bomba la chuma lenye springi na uzito ndani. Mpimaji huligandamiza ukutani hadi uzito ufyatuke, ugonge na kurudi nyuma. Ukirudi mbali, namba hupanda. Hakuna kinachovunjwa, na nguzo moja humalizika kwa dakika chache. Ndiyo maana mhandisi akiitwa Garissa kukagua bweni la zamani, au tangi la maji lililosimama juu ya nguzo, hicho ndicho kifaa cha kwanza kutoka mkobani. Tatizo ni kwamba kinapima ngozi tu, sentimita mbili tatu za juu.

Na ngozi ya zege hubadilika. Zege jipya lina alkali kali inayoitandia nondo utando mwembamba usioruhusu kutu. Miaka ikipita, kaboni dayoksaidi ya hewani hupenya kidogo kidogo na kuigeuza chokaa iliyomo kuwa kaboneti ya kalsiamu. Tabaka hilo huwa gumu zaidi, namba ya nyundo hupanda, ilhali alkali imekwisha. Mabadiliko yakifika kwenye nondo, kinga imeondoka. Kwa maneno mengine, uzee uleule unaoifurahisha nyundo ndio unaoivua nondo nguo.

Kuujua ukweli si gharama. Mpimaji hubanjua kipande kidogo, hupangusa vumbi, kisha hunyunyizia fenolfthaleni palepale pakiwa pabichi. Penye alkali hugeuka pinki ya kukolea. Palipoisha hubaki rangi ya saruji. Hapo huchukua rula. Pasipo na rangi pakiwa na kina cha milimita 20, na kipimo cha sumaku kikionyesha nondo ziko milimita 25 ndani, mwenye jengo ana muda wa kupanga. Nondo zikiwa milimita 15, kama inavyotokea fundi asipoweka vijiwe vya kuzinyanyua kabla ya kumwaga zege, muda huo umeshapita. Lakini bila maji kutu haiendi mbali, na ukame wetu hapa ni msaada. Basi anza kukagua chini ya matangi yanayovuja, kuta za bafu, na mahali mabomba ya mvua yanapomwaga.

Kaskazini Mashariki kuna adui mwingine: chumvi. Visima vya Wajir vinajulikana kwa maji yake magumu ya chumvi. Hata hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Merti, inayotegemewa Habaswein hadi Dadaab, ni tamu katikati na huzidi chumvi ukielekea pembeni. Kiwango cha Ulaya cha maji ya kuchanganyia zege lenye nondo huruhusu kloridi isiyozidi miligramu 1,000 kwa lita. Ulimi hautoshi kuamua. Mgeni huanza kuihisi chumvi kwenye miligramu 250 hivi, na mwenyeji aliyekulia kisimani hapo huenda asiihisi hata ikiwa imepita kiwango. Tena chumvi haiingii kwa mchanganyiko peke yake. Fundi akilimwagilia zege jipya maji hayohayo siku nenda siku rudi, jua la Garissa hunyonya maji na kuiacha chumvi ndani.

Kloridi haingoji alkali iishe. Hutoboa utando wa nondo sehemu moja moja, ikachimba vishimo kwenye chuma, na mara nyingine ukuta wa nje haujapasuka popote. Nyundo ya Schmidt haina habari. Hapa kinachofaa ni kupima volti: nondo moja hufunuliwa na kufungwa waya, kisha elektrodi ya shaba iliyo ndani ya salfeti ya shaba hupitishwa juu ya zege, nukta kwa nukta. Usomaji ulioshuka chini ya milivolti hasi 350 unamaanisha uwezekano wa kutu inayoendelea ni zaidi ya asilimia 90. Zege lilowanishwe kwanza. Likipimwa kavu saa nane mchana hutoa namba za kuridhisha zisizo na maana, na ripoti nzuri za namna hiyo mimi huzishuku kuliko mbaya.

Mawimbi ya sauti yana nafasi yake pia: yakipita zege kwa zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, ndani pamejaa; chini ya 3, pana nyufa au mapengo. Na usiidharau nyundo ya kawaida ya fundi. Mnunuzi wa tikiti hulipiga kwa kidole akasikiliza. Dari iliyoachana na nondo zake nayo hutoa mlio wa uwazi, na mtu mwenye masikio huichora mipaka yake kwa chaki kabla mitambo haijawashwa.

Hata hivyo vipimo hivi vyote huishia kwenye zege lenyewe. Mafuriko ya 2024 yalipoikata barabara ya Garissa upande wa Madogo, swali kubwa kwa daraja lolote la Mto Tana halikuwa ugumu wa nguzo. Lilikuwa udongo ulioishikilia misingi. Mkondo huuchimba ukauchukua, na nguzo nzima kabisa ikabaki bila pa kusimama. Hilo hupimwa kwa sona au kwa fimbo ndefu, tena mto ukiwa bado umejaa, kwa kuwa maji yakipungua mchanga hurudi kulijaza shimo. Mkaguzi atakayefika Agosti atakuta chini pamelala sawa, na mchanga huo mlegevu haubebi kitu.