Mvua ya Kigali na Mfuko Wako: Utumie Pesa Wapi Kwanza?

Kigali hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Septemba na Desemba. Kila milimita moja inayoangukia mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 hupokea karibu lita 100,000 kila mwaka. Usipoyaonyesha njia, maji hayo yatapita kwenye dari, yatadhoofisha msingi, au yatateremka kilimani hadi kwenye ua wa jirani.

Mafundi wengi huitwa baada ya doa kuonekana ukutani, na wengi huombwa rangi mpya. Hilo ndilo chaguo ghali kuliko yote. Rangi haizuii maji, na baada ya msimu mmoja utalipa tena huku ukuta ukizidi kuoza kwa ndani. Ukitaka kulinganisha gharama kwa haki, anza na swali hili: maji yanaingilia wapi? Lipia kuziba hapo kwanza, kisha fuata njia yanakoelekea.

Paa: kuziba, kupaka lami au kubadilisha

Kama bati bado halina kutu, kazi rahisi kuliko zote ni kubadilisha misumari iliyolegea. Tumia yenye mpira chini ya kichwa, ipigiliwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake ambako maji hupita. Fundi mwangalifu humaliza nyumba ndogo kwa siku moja.

Lami na utepe wa lami hufaa pale bati linapokutana na ukuta au dohani. Kwenye bati lililoliwa na kutu husaidia kwa msimu mmoja au miwili tu. Fundi akikwambia atapaka lami paa zima, mwulize bei ya bati jipya kwanza, halafu gawanya kila gharama kwa miaka utakayokaa bila kuigusa tena.

Ukiamua kubadilisha, kumbuka kwamba kadiri namba ya geji inavyopanda, bati huwa jembamba: BG 32 ni jembamba kuliko BG 30, na BG 28 ni nene kuliko yote mawili. Muuzaji atakuonyesha tofauti ya bei kwa bati moja, lakini ujira wa fundi, usafiri na jukwaa la kupandia havipungui kwa sababu umenunua bati jembamba. Kwa nyumba unayotarajia kuishi, bati nene ndilo nafuu kwa mwaka. Vigae vya udongo hudumu sana, na kimoja kikivunjika hubadilishwa peke yake, ila ni vizito: mbao za paa lazima ziwe imara na mwinuko uwe wa kutosha. Usiviweke juu ya kenchi zilizojengewa mabati.

Gata na tangi: faida na mipaka yake

Gata ndiyo kifaa cha bei ndogo kinacholinda vitu vingi kwa pamoja: ukuta, msingi, ua na jirani. Ya plastiki haishiki kutu lakini hupasuka ikishikiliwa na vibanio vichache. Ya bati ni imara zaidi ila huhitaji kukaguliwa kutu. Iwe ipi, nunua yenye upana unaolingana na paa, na uisafishe kabla ya kila msimu.

Tangi la lita 5,000 hupendwa kwa sababu hupunguza bili ya maji. Tupige hesabu. Katika bei zilizotangazwa na RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma, mwaka 2019, maji ya nyumbani kati ya mita za ujazo 5 na 20 kwa mwezi yaligharimu faranga 720 kwa mita moja ya ujazo, bila kodi. Tangi lililojaa lilikuwa na thamani ya faranga 3,600. Likijaa na kutumika mara kumi kwa mwaka, ni faranga 36,000. Chukua bei ya tangi pamoja na kiti chake cha zege, ugawanye kwa akiba hiyo, utajua litajilipa kwa miaka mingapi. Hesabu hiyo haijaweka thamani ya kuwa na maji siku ambazo mabomba yamekauka, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo faida kubwa.

Lakini tangi peke yake si kinga ya mafuriko. Kwa paa la mita za mraba 100, milimita 50 za mvua hulijaza. Mvua ya kesho yake haina pa kwenda. Kila tangi linahitaji bomba la kumwagia maji ya ziada kwenye mtaro wa mawe au wa zege. Shimo la kunyonya maji ni rahisi kulichimba kwenye kiwanja tambarare, ila kwenye mteremko mkali linaweza kulowesha udongo nyuma ya ukuta wa kuzuia ardhi hadi ukaanguka. Kwenye mteremko wa namna hiyo, malipo ya mhandisi ni madogo kuliko ya kujenga upya.

Msingi na ukuta

Nyumba za matofali mabichi, rukarakara, ni nafuu na zina ubaridi mzuri mchana, lakini adui yake ni maji. Zinalindwa na mambo matatu: msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, paa lililojitokeza mbele ya ukuta, na mtaro unaozunguka nyumba. Watu huona plasta ya saruji kama ulinzi. Ukuta ukishaloa, plasta hiyo huzuia unyevu kutoka, kisha hubanduka na kipande cha udongo. Pesa ya plasta itumie kwanza kwenye mtaro.

Bomba linalovuja kimyakimya

Si kila uharibifu hutoka mawinguni. Funga koki zote usiku, andika namba za mita, kisha isome asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Namba zikisogea, bomba au tangi la choo linavuja. Uvujaji wa lita 200 kwa siku ni mita za ujazo 6 kwa mwezi, yaani faranga 4,320 kwa bei ya 720, na zaidi ya 51,000 kwa mwaka. Mwite fundi bomba mapema. Kubadilisha mpira wa choo hakuhitaji kuvunja ukuta, ila kuchelewa kunaweza kukulazimisha kuuvunja.

Duka bondeni au kilimani?

Mfanyabiashara anayetafuta chumba katika bonde la Nyabugogo anafuata wateja, na ana haki. Lakini bonde hilo hupokea maji ya vilima, yakiwemo ya ruhurura (mtaro mkubwa wa maji ya mvua) ya Mpazi inayoteremka kutoka upande wa Nyamirambo na Kimisagara. Kabla ya kusaini, waulize majirani wa zamani maji yalifika wapi ukutani, na utazame alama zenyewe. Kisha linganisha kodi unayookoa kwa mwaka na thamani ya bidhaa zinazokaa sakafuni. Kama mzigo mmoja uliolowa unameza tofauti hiyo yote, chumba cha juu ndicho nafuu. Ukibaki bondeni, weka bidhaa juu ya chaga, inua soketi za umeme, na uwe na kizuizi cha mlango kilicho tayari.

Anayenunua kiwanja aangalie zaidi. Sheria ya mazingira inataka majengo yawe angalau mita 20 kutoka ukingo wa bonde chepechepe, na serikali imekwishaondoa viwanda katika bonde la Gikondo. Kiwanja cha bei ya kutupa kando ya bonde kinaweza kukugharimu nyumba nzima.

Bima: soma kisichomo

Kampuni za bima nchini husimamiwa na Benki Kuu ya Rwanda, lakini mikataba haifanani. Uliza maswali manne. Je, mafuriko yamo au ni nyongeza? Bomba likipasuka, nani analipa? Sehemu gani ya hasara nitaibeba mwenyewe? Je, bima inahusu jengo pekee au na mali iliyomo? Mpangaji asidhani bima ya mwenye nyumba inafunika samani zake. Na kwa kawaida uvujaji wa polepole ulioachwa miezi mingi haulipwi. Piga picha za nyumba na bidhaa leo, uhifadhi na risiti.

Maji yakishaingia

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga maji, ikiwa unaweza kuifikia ukiwa pakavu. Piga picha kwa ajili ya bima. Toa magodoro, mazulia na makaratasi, kwa sababu kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Fungua madirisha jua linapowaka, tumia feni, na ukaushe ukuta kabisa kabla ya rangi. Godoro lililolowa maji ya mtaro halifai kuokolewa. Afya ya watoto ina bei kubwa kuliko godoro.

Ukiwa na pesa kidogo

Fuata mpangilio huu: misumari na nyufa za paa, gata, mtaro wa kutoa maji, tangi lenye bomba la maji ya ziada, bima, na rangi mwisho. Kazi ya paa ifanywe Julai au Agosti, kukiwa kavu. Na kwa kuwa mtaro wako unaishia kwa jirani, ongea naye kabla ya kuchimba. Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni nafasi nzuri ya kufungua mitaro ya mtaa bila kulipa hata faranga moja. Mlima mmoja una nyumba nyingi, na mtaro uliojengwa kwa makubaliano humpunguzia kila mwenye nyumba gharama.