Michael Armitage na mwanamke aliyevuliwa nguo Nairobi: Wewe ungesimama wapi?

Unakumbuka Novemba 2014? Mimi nilikuwa bado shule. Video ilifika kwa simu ya jamaa mmoja darasani: mwanamke yuko steji ya matatu hapa tao, wanaume wamemzingira, wanamrarua nguo wakidai amevaa vibaya. Tulisongamana kwa dawati la huyo jamaa tukatazama. Ilipoisha, mtu akasema irudishwe mwanzo. Nilicheka. Sijivunii hata kidogo.

Nakupa hii stori kwa sababu kila nikitaja wasanii wanaochora watu wakiwa uchi, naulizwa swali lile lile: "Hiyo si ni uchafu tu?" Basi twende polepole.

Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka wa 1984, akasomea uchoraji London, kwanza Slade kisha Royal Academy. Mwaka wa 2015 alichora picha akaiita #mydressmychoice. Jina hilo unalijua. Ndiyo hashtag ya maandamano ya Novemba 17, 2014, wanawake walipotoka Uhuru Park wakatembea hadi Accra Road kusema kwamba nguo ya mtu si kesi ya makanga. Kabla mwaka huo kuisha, Bunge liliongeza kipengele cha 251A kwenye Kanuni ya Adhabu: ukimvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo hakipungui miaka 10.

Kwenye mchoro, mwanamke amelala uchi. Mkao wake Armitage aliutoa kwa Venus wa Diego Velázquez, Mhispania wa karne ya 17, picha ambayo iko National Gallery kule London. Ulaya wamechora picha kama hizo kwa karne nyingi: mwanamke amejinyoosha, tajiri amelipa, anatazama kwa starehe zake. Lakini Armitage ameongeza kitu kimoja, miguu ya wanaume waliosimama hapo karibu. Ukishaiona, starehe inaisha. Unagundua kwamba na wewe uko kwenye hiyo duara, umesimama upande wa pili.

Hata alichochorea si kitambaa cha kawaida. Ni lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulipondaponda mpaka linakuwa nguo, na tangu zamani huwazikia wafu wao. Armitage alikutana nalo mara ya kwanza kwenye soko la watalii hapa hapa Nairobi. Lina matundu na mishono, na yeye haifichi.

Usidhani mwili uchi ni kitu kigeni tulicholetewa na Wazungu. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai wakidai wana wao waachiliwe. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo. Kwa jamii zetu nyingi, mama mzee akikuvulia nguo hiyo ni laana, hakuna tusi kubwa zaidi. Na ni bustani hiyo hiyo walikoanzia wale wa 2014.

Sasa linganisha. Wale mama walivua wenyewe. Yule dada wa steji alivuliwa. Mtu anayekalia mchoraji studio amekubali, na akichoka anajifunga leso yake na kwenda. Kwangu mimi uchafu hauko kwa ngozi. Swali ni nani aliyeamua nguo itoke.

Utaniuliza: je, Armitage naye hamvui yule dada mara ya pili? Swali ni halali, na limenisumbua. Jibu langu kwa sasa ni hili: ile video ilitupa mwili wake tucheke, tena na tena. Mchoro unamgeukia anayetazama na kumuuliza yeye ni nani. Michael Soi naye amefanya hivyo kwa njia yake. Amechora klabu za usiku za Nairobi kwa miaka, wanawake wanaocheza uchi pamoja na wateja wao wenye pesa, na hao wateja hawaachi nje ya picha.

Jumamosi kama huna mpango, panda matatu uende Lavington, uingie Circle Art Gallery pale James Gichuru Road. Siwezi kukuahidi utakuta mwili uchi ukutani, maonyesho hubadilika. Lakini ukiukuta, hapo au kwingine, usikimbilie kutoa simu wala kucheka na beshte yako. Angalia kwanza macho yako yametua wapi, na umesimama upande gani.

Mimi 2014 nilikuwa upande wa ile miguu.